Shamba kwenye udongo wa mugodi: chokaa kwanza, angre nyuma

Kila mwaka Oktoba ikikaribia kwisha, mvua haijashika bado, utaona watu hapa Lubumbashi wanabeba mifuko ya angre (mbolea ya kiwandani), NPK yenye azoti, fosfori na potasi, na ire yenye azoti tu, kwenda kumwaga kwenye kiwanja chenye kilichimbwa zamani, ao kiwanja cha chini ya ramble (rundo la mawe yenye mugodi umetupa), ao kile cha upande moshi wa fonderi (kiwanda cha kuyeyusha shaba) ulikuwa unapiga miaka na miaka. Januari mahindi imebaki ya magoti, majani manjano, na hapo mutu anasema angre ilikuwa feki. Mara mingi angre haina kosa hata kidogo. Udongo ule una njaa, ndiyo, lakini mbele ya njaa una sumu, na mutu mwenye amekunywa sumu humwanzishii na bukari (ugali).

Sasa hii ni namna ya kufanya kazi kwa mupango, kwa mwenye ana kiwanja kidogo na jembe, haina buldoza. Nachukua kipimo cha metre 10 kwa 10, maana hesabu inakuwa rahisi, ukiwa na kubwa utazidisha mwenyewe.

Ujue kwanza uko juu ya nini

Watu wanasema "udongo wa mugodi" kama vile ni kitu kimoja. Hapana. Kuna mahali wakrezeri, wachimbaji wa mukono, walichimba mashimo, wakatoa udongo wa chini wakaulalisha juu ya ule mweusi. Pale shida kubwa ni umaskini: hakuna humusi (ule weusi wa majani yaliyooza), hakuna azoti, na fosfori hata ukiweka, chuma na aluminiamu ya udongo mwekundu inaishika na kukataa kuiachia. Alafu kuna ramble yenyewe, mawe na kokoto, maji yanapita kama hayakupita. Kuna reje, lile tope laini lenye linabaki kisha kusaga na kuosha mawe, likikauka ni unga, likinyeshewa linafunga ganda juu na mbegu inashindwa kutoka. Na kuna udongo wenye haukuchimbwa hata siku moja lakini umekula moshi. Fonderi ya Lubumbashi iliwashwa 1911 wakati wa kampuni ya Union Minière, upepo wa kiangazi unatoka kusini-mashariki, kwa hiyo mavumbi na moshi wa salfa vilikuwa vinaanguka zaidi kaskazini-magharibi, pande za Penga Penga. Pale metali imejaa kwenye sentimetre chache za juu, chini ni nafuu zaidi. Hiyo tofauti ni ya maana sana maana kwenye shimo la krezeri unatafuta udongo wa juu uurudishe, kumbe kwenye udongo wa moshi udongo wa juu njo wenye mugonjwa.

Macho yako ni labo ya kwanza. Ukiona mawe yenye ngozi ya kijani, ile malakiti, ao mawe meusi mazito ya kobalti, uko kwenye madini bado. Ukiona majani mafupi tu na mabaka tupu pasipo muti hata mumoja, na katikati kamumea kenye harufu ya minti na maua madogo ya zambarau, kile wataalamu wanaita Haumaniastrum katangense, ule ni mumea wa shaba, wazee watafutaji madini walikuwa wanaufuata kama alama. Pale usipande mboga. Hata usibishane.

Kichuguu pia kinaweza kukwambia kitu, maana muchwa anapandisha udongo wa chini kabisa, lakini kichuguu tutakirudilia.

Vipimo vya nyumbani, alafu vya labo

Chukua kijiko cha udongo mukavu, mwangia siki kali ao maji ya ndimu, sikiliza na utazame. Ikitoa povu, udongo wako una kaboneti tayari, na hapo hauhitaji chokaa. Watu wengi hawajui hii: mawe mengi ya shaba ya Katanga yanakaa ndani ya dolomi, na reje fulani zilishatiwa chokaa kwenye kiwanda, kwa hiyo pH yake (kipimo cha asidi: 7 ni katikati, chini yake ni asidi) iko 7 ao kupita. Ukiongeza chokaa pale unafunga zinki, chuma na manganezi mumea ukose, na franga zimeenda bure.

Isipotoa povu, tafuta karatasi za pH (maduka ya madawa ya labo wanauza, hata wenye kutunza piscine wanakuwa nazo). Udongo kipimo kimoja, maji ya mvua vipimo viwili na nusu, koroga, acha nusu saa, chovya. Chini ya 5,5 metali inaanza kutembea: shaba, zinki, kobalti, kadmiamu zinayeyuka kwenye maji ya udongo na muzizi unazinywa. Kati ya 6 na 6,5 zimetulia sana na bado mumea unapata chakula chake. Hiyo namba 6 mpaka 6,5 iandike kwenye ukuta.

Kama uko kwenye reje ya mawe yenye salfidi, kwa mufano zile za upande wa Kipushi kwenye zinki na shaba vinakaa pamoja na salfa, kipimo kimoja hakitoshi. Weka udongo kwenye chupa wazi, uloweshe kidogo kidogo usikauke, upime tena kisha mwezi, na kisha miezi miwili. pH ikiendelea kushuka, udongo bado unatengeneza asidi peke yake, hewa na maji vinaunguza ile salfidi ndani. Rangi ya manjano ya kutu kwenye maji yanayotiririka ni alama ileile. Udongo wa namna hiyo chokaa ya mara moja haiuponyi, asidi itarudi mwaka ujao, na mimi ningeuachia miti ya makala na majani basi, nilime mahali pengine.

Kwa labo, chukua udongo mahali 15 mpaka 20 kwa zigizagi, kina cha sentimetre 20, changanya, toa nusu kilo. Ndoo iwe ya plastiki, ile ya bati inaacha zinki kwenye udongo na matokeo yanadanganya. Fakulte ya kilimo ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi imefanya kazi miaka mingi juu ya udongo wenye shaba, njo mahali pa kuanzia kuuliza. Omba pH, kaboni, fosfori yenye mumea unaweza kupata, potasi, na metali: shaba, kobalti, kadmiamu, risasi, zinki. Na uombe mara mbili, jumla yote na ile yenye kuyeyuka, maana jumla inaweza kukuogopesha bure wakati pH iko muzuri, ao jumla ndogo ikakulaza usingizi wakati pH iko 4,5 na kila kitu kinatembea. Udongo wa kawaida una shaba miligramu kumi kadhaa tu kwa kilo. Ikipita elfu, mimi sishauri chakula chochote pale, hata na chokaa.

Hauna franga za labo? Fanya jaribio la bidoni. Kata bidoni ine za lita tano nusu, toboa chini. Ya kwanza udongo mutupu, ya pili udongo na chokaa, ya tatu udongo na kompositi (mbolea ya mavi na majani yaliyooza), ya ine vyote viwili. Panda maharagi na mahindi kwenye kila moja, mwagia sawasawa, kisha wiki tatu ng'oa bila huruma uoshe mizizi. Muzizi wenye sumu ya shaba unakuwa mufupi, munene, wa kahawia, bila vile vinywele vya pembeni. Juu, jani changa linageuka manjano na mishipa inabaki kijani, maana shaba imezuia chuma kupita. Muzizi mweupe wenye matawi mengi kwenye bidoni ya ine, na mufupi wa kahawia kwenye ya kwanza, hapo unajua dawa inafanya na udongo unastahili jasho. Kama zote ine ni mbaya, umeokoa mwaka muzima. Ila ukumbuke bidoni inakuonyesha kama mumea utaishi, haikwambii kama chakula ni salama kula. Kadmiamu mara mingi haimunyimi mumea afya, lengalenga inaweza kuwa ya kijani ya kupendeza na kumbe imejaa.

Kutengeneza ardhi

Kwenye mashimo: usilime juu ya galeri. Ukijua chini kuna njia za wakrezeri, weka uzio na uache. Shimo la wazi unajaza mawe makubwa chini, ramble juu yake, kisha udongo wa mufinyanzi ukanyagwe, na mwisho udongo wa juu angalau sentimetre 30 bila kukanyaga. Acha msimu muzima wa mvua upite, litatitia tu, utaongeza.

Code minier (sheria ya migodi) ya 2002, na ile mabadiliko ya 2018, inadai mwenye mugodi atengeneze ardhi kisha kuchimba. Kwa hiyo kama mashine bado iko kazini karibu na kijiji chenu, wakati wa kusema ni sasa: udongo wa juu utolewe pembeni, urundikwe chini ya metre mbili, upandwe majani usiende na mvua. Udongo mweusi ukishachanganywa na ramble hakuna mutu atautenganisha tena.

Mahali kamiyo zilipita, udongo umekuwa simenti. Chimba shimo la sentimetre 30, jaza maji jioni. Asubuhi maji bado yako? Basi vunja kwa piki kina cha 40 kwenye mistari ya kupandia, kama hauwezi kiwanja chote. Kwenye mteremko chimba mitaro ya kukata mlima na upande vetiveri kwenye ukingo, maana mvua ya hapa ni kama milimetre 1.200 kwa mwaka na karibu yote inaanguka Novemba mpaka Machi, ile chokaa yako na ile kompositi yako itaenda mutoni Kafubu.

Chokaa

Hapa njo moyo wa mambo, kwa hiyo nitakaa.

Kuna aina tatu zinauzwa na watu wanachanganya. Kuna unga wa jiwe lenyewe la chokaa lililosagwa, ao la dolomi, hiyo njo nzuri zaidi kwa shamba, inafanya polepole na haichomi, na ya dolomi inaleta manyeziamu bure. Kuna chokaa iliyochomwa, ile hai, inachoma ngozi na macho. Na kuna iliyozimwa kwa maji, ile ya kupaka nyumba. Nguvu yao haifanani: kazi ya kilo 100 za unga wa jiwe inafanywa na kilo 74 za iliyozimwa, ao kilo 56 za ile hai. Ukinunua ya kuchomwa ukamwaga kipimo cha jiwe, utaua shamba. Katanga tuna bahati, jiwe la chokaa halitoki mbali, Kakontwe kule Likasi wanachimba tangu zamani. Unga uwe laini wa kupita kwenye chujio la unga wa mahindi, kokoto za chokaa zitafanya kazi wajukuu wako wakiwa wazee. Na pale sokoni, kabla ya kulipa, dondoshea siki: jiwe na dolomi iliyosagwa vinatoa povu (dolomi polepole), udongo mweupe ao pemba hautoi kitu.

Kiasi: kwa pH 5 hivi, udongo wa kawaida, anza na kilo 20 za unga wa jiwe kwa kiwanja cha 10 kwa 10, njo tani 2 kwa hekta. Kwa udongo wa mufinyanzi ao wenye humusi mingi, ao pH 4,5, unaweza kufika 30 ao 40, lakini gawanya, nusu mwaka huu nusu mwaka ujao, na upime katikati. Usikimbilie kupita 7.

Gawa kiwanja kwa kamba vipande vine, kila kipande kilo 5, ili mukono usimwage yote kwenye kona moja. Siku ya upepo acha, funika pua. Mwaga, alafu palilia mpaka sentimetre 15 ao 20 siku ileile, chokaa yenye inabaki juu haitembei kwenda chini. Fanya mwezi mumoja mpaka miwili mbele ya kupanda, udongo ukiwa umepata mvua za kwanza maana kwa udongo mukavu haifanyi kitu.

Na usichanganye chokaa na mavi ya kuku ao ire siku moja. Utasikia harufu ya kukata pua, ile njo azoti yako, mafranga yako, inapanda hewani. Wiki mbili tatu katikati.

Majivu ya jikoni nayo yanapunguza asidi na yanaleta potasi. Kilo 5 mpaka 10 kwa kiwanja kile si mbaya, lakini ya kuni na makala tu, isiwe ya kuchoma plastiki na mapiri (betri).

Kompositi, na juu ya nini inashika shaba

Chokaa inatuliza kadmiamu, zinki na kobalti kwa njia ya pH. Shaba ni tofauti kidogo, yenyewe inapenda humusi, inashikamana nayo kwa nguvu kuliko metali zingine karibu zote. Kwa hiyo kompositi pale haiko chakula tu, ni kamba ya kufunga. Ila iwe imeiva. Mavi mabichi yanatoa maji meusi, na yale maji yanabeba shaba na kuitembeza, kinyume cha kile unatafuta.

Kiasi: kilo 200 kwa 10 kwa 10 mwaka wa kwanza, ni tani 20 kwa hekta, mingi, najua, ni kama buruweti tano sita zimejaa vizuri. Mavi ya kuku ni makali, kilo 50 mpaka 100 inatosha na yalale kwanza kwenye rundo. Hapa mjini wafuga kuku wengi wanayatoa kwa bei ndogo kama unaleta mifuko yako. Takataka za soko za mboga ni nzuri, lakini chagua kwa mukono: piri moja ya redio kwenye rundo na umeleta metali mwenyewe kwenye udongo unaoutibu. Unga wa mbao na maganda ya mahindi peke yake yanakula azoti ya udongo miezi mingi, yachanganye na mavi ao majani mabichi.

Ile tithonia ya maua manjano yenye inajiotea kando ya barabara, watu wanaikata kama takataka. Majani yake makavu yana azoti karibu asilimia 3,5 na potasi kama 4, na fosfori kidogo. Kata mbele haijatoa mbegu, katakata, zika kwenye mistari wiki mbili mbele ya kupanda. Usiikate kwenye udongo wenye madini, kata mahali safi.

Sasa kichuguu. Udongo wa vichuguu vikubwa vya Katanga una kalsiamu, manyeziamu na potasi kuliko udongo wa pembeni, na pH yake iko juu, wakulima wetu wanajua hiyo tangu zamani. Kwa ramble na reje za muchanga unasaidia sana kushika maji. Lakini muchwa analeta kile kiko chini, kwa hiyo kichuguu chenye kimesimama juu ya madini kina madini. Chukua mbali.

Vumbi la makala nalo, lile linabaki chini ya mufuko na wauzaji wanalitupa, liloweshe kwenye maji ya mavi siku kadhaa, alafu changanya kwenye kompositi. Linashika maji, linashika metali, na haliozi.

Humusi inaoza, joto la hapa haliisamehi. Kila kiangazi ongeza, hata kama ni kilo 80 ao 100, ukiacha miaka mitatu ile shaba yenye ilifungwa inafunguliwa.

Angre sasa

Umefika hapa, angre itakulipa. Kwa mahindi, kipimo chenye watu wa huku wanatumia ni NPK 10-20-10 kilo 300 kwa hekta na ire kilo 200. Kwa kiwanja chetu ni kilo 3 na kilo 2. Panda sentimetre 75 kwa 50, mbegu mbili kila shimo, utapata mashimo kama 267. Kifuniko cha soda kinabeba gramu kama tano, kwa hiyo vifuniko viwili vya NPK kila shimo, chini na pembeni ya mbegu, weka udongo katikati visigusane. Usiimwage kiwanja chote kama chumvi: kwenye udongo mwekundu fosfori yenye imesambazwa inakamatwa na chuma, ile yenye imekaa pamoja kwenye shimo na konzi ya kompositi inabaki ya mumea. Tena kama kuna risasi kwenye udongo, fosfori inasaidia kuifunga.

Ire unagawa mara mbili, kifuniko kimoja kisichojaa kabisa, gramu kama ine, kwa shimo wiki ya tatu ao ya ine, kingine mahindi yakifika magoti kupita, na ufunike na udongo ao ungoje mvua ya jioni.

Sasa sikia vizuri kitu hiki: azoti ya kiwandani inaleta asidi. Kila kilo ya azoti ya ire inahitaji karibu kilo 1,8 ya unga wa chokaa kurudisha pH mahali ilikuwa, na ile salfati ya amoniamu inadai karibu mara tatu ya hiyo. Ire kilo 200 ina azoti kilo 92, ni kilo 165 za chokaa kwa hekta kila mwaka, kwa kiwanja chetu kilo moja na nusu hivi. Kwenye shamba la kawaida unaweza kusahau miaka mitano. Kwenye udongo wa shaba ukisahau, unaamsha metali mwenyewe, na tena unalipia. Salfati ya amoniamu kwenye udongo huu usinunue hata wakupunguzie bei.

Mwaka gani upande nini

Mwaka wa kwanza mimi sipandi cha kuuza. Napanda mukuna ao krotalaria, mimea ya jamii ya kunde, inafunika, inaleta azoti, mizizi inavunja udongo. Kwenye udongo wa kuchimbwa tu bila metali, unairudisha yote ndani. Kunde na soya pia. Wakati wa maua ng'oa mumoja kwa jembe, sio kwa kuvuta, utazame vifundo kwenye muzizi, pasua kimoja na ukucha. Ndani ikiwa nyekundu ya damu ya maji, vijidudu vinafanya kazi. Nyeupe ao kijani, haviko kazini, na mara mingi ni pH ao shaba, rudi kwenye chokaa. Soya inaomba mbegu yake ipakwe vijidudu vyake kabla ya kupanda, karanga na kunde zinajipatia vya hapa.

Mwaka wa pili mahindi. Punje ya mahindi inapokea metali kidogo kuliko majani, na unaondoa ganda lote. Nyanya, biringanya, pilipili ni kati na kati. Majani njo hatari: lengalenga, matembele, shu ya kichina, ngai-ngai, hata sombe. Na ni yale yale tunakula kila siku na bukari, mama anayalima nyuma ya nyumba juu yanaota haraka na yanalipa ada za shule. Mimi sikatazi, nasema majani yasubiri mpaka labo ipime jani lenyewe. Kipimo cha Codex (kanuni za chakula za dunia) kwa mboga za majani ni miligramu 0,2 za kadmiamu kwa kilo mbichi, na 0,3 za risasi. Jani, sio udongo, maana sehemu kubwa ya metali kwenye mboga za Lubumbashi inaweza kuwa vumbi lenye limekaa juu ya jani, halikupita kwenye muzizi. Kwa hiyo uoshe maji matatu, jani kwa jani, na uweke matandiko ya nyasi chini ya mboga, mvua isirushe udongo. Ukuta wa matete upande wa barabara ya makamiyo unasaidia kuliko watu wanavyofikiri.

Majani ya mahindi kisha kuvuna, kama udongo una metali, usimupe mbuzi na usirudishe kwenye kompositi ya mboga. Yabaki palepale juu ya udongo ule ule.

Kama namba za labo ziko juu na hautaki kuhama, kuna njia ya vitanda: inua mbao ao matofali sentimetre 40, lalisha chini mufinyanzi uliokanyagwa, jaza udongo safi na kompositi. Ni kazi, lakini kwa kiwanja cha jikoni inawezekana, na hapo unaweza kupanda hata lengalenga. Kwa miti ya matunda shimo la metre moja kila upande, ujaze udongo safi na kompositi na konzi mbili za chokaa.

Maji

Unaweza kufanya yote hayo na ukaharibu kwa arozwari (kopo la kumwagilia). Kisima cha chini ya reje, ao kijito chenye kinapita kwenye viwanda vya kuosha madini, kinarudisha metali kila asubuhi ya kiangazi, kidogo kidogo, na kiangazi njo wakati wa mboga. Maji ya kijani-buluu, ao mawe ya mutoni yenye ngozi ya kutu ao ya kijani, usimwagie. Maji masafi kwa macho pia hayasemi kitu, kwa hiyo siku unapeleka udongo labo peleka na maji: chupa ya plastiki, uioshe mara tatu na maji yale yale, uijaze mpaka kwenye shingo, uandike mahali na tarehe, na uifikishe siku ileile. Fanya hivyo mara mbili, mvua zikishika na tena Septemba wakati mutoni umekauka, maana matokeo ya Februari na ya Septemba kwenye kisima kimoja yanaweza kupishana sana, na ni yale ya Septemba yatakuambia kama kiangazi utalima mboga ao utapumzisha kiwanja.